Zuleica wa Kiwandani

Masika yakichanganya, muhogo hunenepa, visima hujaa, na mpunga husimama wima mabondeni. Hapo ndipo mbu naye anapokuja, tena bila kubisha hodi. Wahenga waliliona hilo wakasema kila neema ina kero yake, na anayeitaka neema ajiandae kujikuna. Anayebisha na asikilize yaliyompata Zuleica.

Zuleica alikuwa mjane aliyeishi Quitunda, kaskazini mwa Msumbiji, na mama yake, Bibi Khairiya, katika mojawapo ya nyumba za matofali walizopewa watu waliohamishwa kupisha mitambo ya gesi. Miaka ile gesi ilikuwa habari ya kila kibaraza. Wageni walimiminika mji wa jirani wa Palma, na kando ya barabara kikajengwa kiwanda kikubwa cha kufyatua matofali, mabomba na kuta za saruji. Zuleica alikuwa amezoea kuokota pweza na chaza maji yakitoka, na sasa pwani ilikuwa mbali naye. Shamba jipya alilopewa lilikuwa bado halijamjua. Mama yake naye alikuwa amevimba miguu kwa maradhi ya moyo, hata kwenda uani alishikwa mkono.

Kwa hiyo siku alipopata kazi kiwandani alipiga vigelegele peke yake jikoni. Na kwa nini asipige? Mshahara ulikuja bila kupiga chenga. Viatu alipewa, chakula cha mchana alipewa, basi lilimchukua alfajiri na kumrudisha jioni. Zaidi ya yote, alipewa kadi ya matibabu, yeye na mzazi wake. Bibi Khairiya akapelekwa kwenye zahanati ya kampuni, akaandikiwa vidonge vya kunywa kila asubuhi, na haukupita muda uvimbe ukanywea. Jamani, mwenye kuilaumu kazi ile na amlaumu daktari pia!

"Sasa mwanangu nina ombi moja tu," Bibi Khairiya alimwambia jioni moja, huku akiinyoosha miguu yake na kuitazama kwa fahari. "Siku yangu ikifika, nizikwe na watu, nisizikwe na upepo. Na wewe unioshe kwa mkono wako."

"Mama, mbona unayaita mauti? Nitakuosha, na watu wapo tele," Zuleica alijibu akicheka.

Kumbe watu hao ndio walioanza kumponyoka. Pwani ile msiba hauna mwaliko. Ikisikika habari msikitini, mwanamke huacha chungu mekoni, hujifunga leso, akaenda kuchota maji, kutwanga na kulia pamoja na wenziwe. Asiyekwenda kwa wenzake, kwake hawaendi. Kiwanda nacho kilikuwa na sheria yake: ruhusa ya msiba ni kwa aliyefiwa na mzazi, mwenza au mtoto. Haukuwa ukatili. Zege likishachanganywa halimngoji mtu. Likiganda ndani ya mtambo, kazi ya zamu nzima imekwenda na maji. Hata simu ziliachwa getini, maana juu ya vichwa vyao winchi zilikuwa zikining'iniza kuta nzima nzima.

Mume wa Awa, jirani wa ukuta kwa ukuta, alipofariki, Zuleica alimwendea msimamizi wake, Issufo, mtu wa mkoa wa Nampula, ambaye wote walimwita chefe, yaani mkubwa.

"Chefe, jirani yangu kafiwa. Niruhusu nikamzike mumewe."

"Pole sana, dona Zuleica. Hata kwetu jirani ni ndugu, najua," Issufo alisema bila kumtazama usoni, kwani aliona haya. "Lakini nikikuruhusu wewe, kesho zamu nzima itakuwa na majirani."

Basi Zuleica akafanya kosa. Alimtuma Tuaibo, dereva wa pikipiki, apeleke gunia la mchele msibani kwa niaba yake. Aliona amefanya jambo la maana. Nani atapelekewa mchele akanuna? Jioni aliporudi alilikuta gunia limeegemezwa mlangoni pake, halijafunguliwa. Akavuka kwenda kwa Awa.

"Dada Awa, kulikoni? Mchele una kasoro?"

Awa, ambaye alikuwa ameketi eda, hakuinuka jamvini. "Mchele mzuri, mdogo wangu. Ila msibani hatukukosa mchele. Tulikukosa wewe."

Zuleica alirudi kwake akiwaka. "Wivu tu huo! Wanayaonea gere mafanikio yangu!" alimwambia mama yake. Bibi Khairiya akaendelea kuchambua mboga.

Misiba mingine ikafuata, na Zuleica hakufika hata mmoja. Kisimani akisalimu aliitikiwa kwa ncha ya ulimi. Wakambandika jina, Zuleica wa Kiwandani, na akitokea wanabadilisha mazungumzo. Hofu ikamwingia: je, mama akifa, nani atakuja? Mara kadhaa alikusudia kuiacha kazi. Kisha anavitazama vile vidonge vya mama yake, anapanda basi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Asubuhi moja, muda mfupi baada ya basi kuondoka, Bibi Khairiya aliketi kizingitini kuota jua. Akainamisha kichwa, asikiinue tena. Tuaibo akairukia pikipiki yake mpaka kiwandani, lakini mlinzi akamwambia kwamba ujumbe hupelekwa wakati wa mapumziko. Tuaibo akasihi, akafoka, mwisho akakaa chini penye vumbi. Ndani, Zuleica alikuwa akiyanywesha maji mabomba mapya yasipasuke, hana habari.

Mapumziko yalipofika na ujumbe ukaingia, Issufo alivua kofia yake ya kazi. "Nenda, dona Zuleica! Mambo ya getini niachie mimi. Nenda!"

Njiani Zuleica alimpigia Tuaibo kelele aongeze mwendo, na Tuaibo akayalaani mashimo ya barabara. Zuleica hakuthubutu kumwuliza nani yuko nyumbani. Akilini alimwona mama yake amelazwa peke yake, na jamvi tupu uani. Aliomba Mungu apate angalau kumwosha.

Walipokaribia, pikipiki haikuweza kupita. Njia ilikuwa imejaa watu. Wanaume walikuwa wameketi chini ya turubai. Uani wanawake walikuwa wakitwanga na kuchota maji, wale wale wa kisimani. Awa, ambaye eda yake ilikuwa imekwisha, alitoka chumbani mikono ikinukia karafuu maiti.

"Tulikungoja, mdogo wangu, tukakungoja. Shehe akasema maiti asicheleweshwe zaidi. Nimemwosha mimi."

Zuleica alianguka juu ya sanda akalia kama mtoto. "Mama, nisamehe! Nilikuahidi!" Alipopata pumzi alimgeukia Awa. "Na hawa wote? Mimi sikumzika mtu!"

"Wewe hukuja, alikuja yeye," Awa alisema. "Ukipanda basi, yeye anajifunga leso. Kwangu alikuja siku zote za eda. Hakuna msiba aliouacha. Kila nyumba alisema, 'Nimekuja kwa miguu aliyoniponyesha mwanangu, mhesabuni naye kaja.' Akatuapisha tusikwambie, usije ukaona haya ukaacha kazi. Sisi tulikununia tu, mdogo wangu. Hatukukukataa."

Bibi Khairiya akazikwa na umati. Jioni basi la kiwanda likawaleta wenzake wa zamu. Margarida, Mmakonde wa Mueda, hakuzijua dua za Waislamu. Akaenda moja kwa moja kwenye masufuria akaanza kuyasugua.

Ruhusa ilipokwisha, Zuleica alitoka alfajiri macho yamemvimba, akamkuta Awa amesimama mlangoni akimngoja.

"Nenda kazini, mdogo wangu," Awa alimwambia. "Ukitokea msiba nitakwenda mimi, nami nitasema umenituma."

Zuleica alipanda basi akalia njia nzima, kwa shukrani na kwa majuto, asijue yapi yamezidi. Kazi ile ndiyo iliyomsimamisha mama yake kwa miguu, na kazi ile ile ndiyo iliyomnyima kumwosha kwa mkono wake. Kweli, hakuna masika yasiyokuwa na mbu.