Buku na Zamu ya Pera

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mliolala na njaa? Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia mpaka wa nyuma.

Zamani za kale sana, panya na paka wangali wakipeana salamu, alikuwepo Mama Buku, panya mkubwa wa shimoni. Alikuwa na watoto saba na ghala moja. Watoto aliwapenda. Ghala, he, ghala aliliabudu.

Ukoo wa Buku ulikuwa na mwiko wao: cha zamani kwanza. Kipya hakiliwi mpaka cha zamani kiishe. Mwiko huo ulianza mwaka wa njaa kuu, njaa iliyomuua nduguye Mama Buku mbele ya macho yake, kwa hiyo msimcheke upesi. Mvua ikinyesha, mapera yanadondoka, pu! pu! pu! Buku anayaokota, anayajaza mashavuni, anayapeleka ghalani, anayapanga nyuma kabisa. Anarudi mbele, anachota mtama wa mwaka juzi, ule uliotobolewa na wadudu wa dumuzi, anawapa watoto. Zamu ya mapera ikifika, yameshaoza. Mchicha vivyo hivyo. Majani ya kunde vivyo hivyo. Na wewe mama unayefungia nanasi kabatini ukingoja wageni, usitazame pembeni, nakuona.

Basi kikaja kipupwe. Upepo vuuu! Watoto wa Buku wakaanza kukohoa, kho, kho, kho. Sita wakakohoa wakatulia. Wa saba, kitinda mimba, jina lake Punje, hakutulia. Akakonda, akabaki masikio. Mama akamletea mtama mkongwe kuliko wote, maana kwake ukongwe ndio heshima. Punje akageuza uso.

Jirani yao Digidigi akaja kumjulia hali mgonjwa. Watoto wake yeye walikuwa nje wanarukaruka, mafua siku mbili yamekwisha. Mama Buku akamuuliza anawapa dawa gani. Digidigi akasema dawa hana, anawapa kile kilicholetwa na msimu. Mvua ikileta majani, wanakula majani. Ikileta mapera, wanakula mapera. Mwili unapata nguvu ya kupigana. Kisha akalitazama pera moja lililokuwa mlangoni, limeiva, linanukia shimo zima, linangoja kupangwa nyuma. Jirani mwenye adabu hasemi kila anachokiona.

Aliyesema ni Punje, kwa sauti ndogo.

"Mama, zamu ya pera hilo ni lini?"

"Vya zamani vikiisha, mwanangu."

"Nitakuwa bado nipo?"

Jamani! Mama Buku akasimama katikati. Mbele yake mtoto, nyuma yake mwiko na njaa ile. Akalishika pera, akaliweka, akalishika tena, huku analia. Mwisho akalipasua, pwaa, akamtia mwanawe kipande mdomoni.

"Kula, baba. Njaa ikija, na initafute nikiwa nawe."

Punje akatafuna, nyamu, nyamu, nyamu. Hakupona siku ile, nisiwadanganye. Leo pera, kesho mchicha, keshokutwa majani ya kunde na boga changa. Siku ya tisa akainuka akakaa. Siku ya kumi na mbili akampiga teke kaka yake aliyemmalizia pera lake, na mama yao, badala ya kugomba, akacheka mpaka akaketi chini.

Mwiko akaugeuza. Kinachooza kiliwe leo. Kinachokauka vizuri ndicho kiwekwe kwa siku za ukame. Kipupwe kilichofuata upepo ulivuma vilevile, na watoto wote saba walikuwa nje, mashavu yamejaa, wanatafuna.

Wanangu, na nyie wakubwa pia, kila msimu una chakula chake, na chakula hicho ndicho ngao ya mwili kwa wakati wake. Akiba ni njema, lakini akiba isiyofika mdomoni haimjengi mtoto.

Hadithi yangu inaishia hapo. Atakayeisimulia kwake, na aisimulie mbele ya sahani.