Pedi Isiyotaka Kuliwa

Wapendwa, hebu tumfikirie bwana mmoja mwenye pikipiki ya zamani, zile ambazo zikinguruma mtaa mzima unajua nani anarudi nyumbani. Pedi za breki ya mbele zilikwisha, akaenda kwa muuza spea.

Muuza spea akamwekea aina mbili mezani. "Chukua hizi laini. Pikipiki yako ni ya zamani, na ile diski inayobanwa na pedi ni ya chuma laini. Hizi zitaliwa upesi, utakuja kuchukua nyingine. Hizo ngumu ni za pikipiki za kisasa."

Yule bwana akacheka. "Unataka niwe mgeni wako kila mara, eh? Nipe ngumu. Mimi nataka kitu kisicholiwa!"

Na nani kati yetu angechagua tofauti? Si sisi hawa ambao hata sufuria tunaigonga kwanza dukani tusikie mlio wake?

Basi akazifunga. Kila akiosha pikipiki anachungulia pedi zake: nene, kama zimetoka dukani jana. Akawaita mpaka majirani waje kuziona. Ila mkewe, aliyezoea kupanda nyuma kwenda naye sokoni, alisikia kitu.

"Baba Lugano, mbona inalia ukishika breki? Kama kuna kitu kinasagwa."

"Mama Lugano, hiyo ni sauti ya chuma. Pedi nimeziangalia kwa macho yangu. Nzima!"

Na kweli zilikuwa nzima. Hakusema uongo, wapendwa, na hapo ndipo mimi ninapoogopa.

Siku moja wanashuka ule mteremko wa mashamba ya chai, wakakuta lori limesimama katikati ya njia. Bwana akashika breki kwa nguvu. Paa! Diski ilikuwa imeliwa mpaka ikabaki nyembamba kama kifuniko cha kopo, ikakatika vipande. Yeye akaangukia kwenye chai, akainuka na michubuko. Mkewe akarushwa kwenye mawe ya mtaro.

Mnajua bwana alikimbilia wapi? Jamani! Alikimbilia pikipiki. Akapiga magoti penye gurudumu, akachungulia, akapaza sauti: "Lakini pedi ni nzima! Njooni mwone, nzima kabisa!"

Mama, mguu umevunjika, akamwuliza kutoka mtaroni: "Pedi nzima, Baba Lugano. Na mimi je?"

Breki ikishikwa, lazima kitu kiliwe. Pedi ikikataa, italiwa diski. Na nyumbani ni hivyo hivyo. Neno likizuka, lazima mmoja ameze hasira. Lazima mmoja atangulie kusema nisamehe, hata kama kosa si lake peke yake. Lakini sisi tunasimama hapa mbele kushuhudia: "Mimi nina msimamo! Tangu nioe sijawahi kuomba msamaha!" Na kanisa linaitikia amina! Nilishtuka kusikia ushuhuda ule, nikashtuka zaidi kusikia ile amina. Ndugu yangu, kama miaka yote hiyo wewe hujapungua hata kidogo, ni nani aliyepungua kwa ajili yako?

Akina mama, msicheke. Wapo na waume walioliwa, na ninyi mnawajua.

Tumezoea kujikagua wenyewe, na kila tukijikagua tunajikuta wazima. Leo tusijikague. Najua desturi yetu, akina baba mmekaa upande huu na akina mama upande ule, na ibada nzima tunatazama mbele tu. Sasa nawaomba mgeuze shingo. Mtafute wako kule aliko, mtazame usoni, uone amebaki kiasi gani.