Pazia la Mwalimu Sikitu

Mwalimu Sikitu alifundisha chekechea ndani ya stoo ya mahindi, ambamo panya walihudhuria zaidi kuliko wanafunzi. Akaenda kwa diwani, Mheshimiwa Ngwandumi, kuomba darasa.

"Watoto wa miaka minne hawapigi kura," diwani akamjibu huku akichokonoa meno.

"Kweli kabisa, Mheshimiwa. Basi Jumamosi uje tu uwe mgeni rasmi. Kazi yako ni kuvuta pazia na kupigwa picha."

Ngwandumi hajawahi kukataa pazia, wala kuuliza nyuma yake kuna nini.

Jumamosi alifika amechelewa, kitambi mbele, akavuta. Likatokea jiwe lililoandikwa: "Darasa la Chekechea. Limejengwa na Mheshimiwa Ngwandumi." Akina mama wakapiga vigelegele, kamera zikammulika, naye akapunga mikono yote miwili. Ndipo akachungulia nyuma ya jiwe. Palikuwa na magugu na mbuzi mmoja.

"Mwalimu," akanong'ona, "darasa lenyewe liko wapi?"

"Mjenzi si wewe, Mheshimiwa? Watoto hawapigi kura, lakini mama zao wameshasoma jiwe. Utawaeleza mwenyewe, au nimwite fundi? Yule pale, amekuja na futi yake."