Skafu Moja, Shingo Tatu

Hapo zamani, zamani ya jirani tu, aliishi Korogwe binti mmoja aitwaye Tunu, aliyeogopa kulala mahali asiposikia bibi yake akikoroma. Shuleni wakachaguliwa watoto wa kwenda kambi ya likizo kule milimani, na yeye akawa mmoja wao. Tunu akasema haendi.

Nyumbani palikuwa na kitabu cha mtumba kuhusu mtoto aliyekwenda kambini. Picha nzuri, ila kurasa za mwisho muuza karanga alikwisha kuzichana akafungia karanga. Bibi yake, Bi Mwantumu, hakujua kusoma. Akakifungua hivyo hivyo, akasimulia kwa picha.

"Mwone huyu, anacheka tangu anashuka garini. Na hiki chandarua kikubwa, wanalala humo kama wafalme."

Chandarua chenyewe kilikuwa hema, kitu ambacho msimulizi wenu amekisimamisha katika nchi nne na kikamwangukia katika zote. Lakini Tunu alicheka, akakubali kwenda.

Begi likafungwa. Ndipo kaka yake Kheri alipokichukua kile kitabu akasoma maneno.

"Bibi, huyu hacheki. Wameandika analia. Hapa analia, na hapa analia mpaka machozi yanaingia kwenye uji."

"Mume wangu, nani kakutuma kusoma?"

"Mke wangu, bora ajue."

Tunu akanuna, lakini Bibi alikwisha kuwatangazia majirani mtaa mzima. Akaenda.

Asubuhi ya kwanza kambini ukungu ulikuwa mzito, na machozi ya Tunu yakadondoka kwenye uji. Akamkumbuka mtoto wa kitabuni. Kumbe ndivyo inavyokuwa. Akaunywa uji wake bila aibu, wenye chumvi kidogo.

Ila baada ya pale yule mtoto alifanyaje? Tunu hakujua. Na pikapu iliyoleta maharage ilikuwa inarudi Korogwe, dereva akasema mbele kuna nafasi. Namkunda, msichana waliyelala naye hema moja, akamkuta kakaa juu ya begi.

"Unaondoka?"

"Mtoto wa kwenye kitabu sijui kama alibaki. Kurasa zimechanwa." Akamsimulia chote.

"Aa, hicho nimekisoma," akasema Namkunda. "Alibaki. Mwishoni akawa anawafundisha wenzake kuwasha kuni mbichi."

"Kuni mbichi zinawaka?"

"Za kitabuni zinawaka."

Pikapu ikaondoka na magunia matupu. Tunu akabaki, akajifunza kuwasha moto, akaimba mpaka sauti ikakauka. Siku ya kufunga kambi Namkunda akamwambia, "Kile kitabu sijawahi kukiona hata jalada."

Sasa, desturi ya kambi ile ilikuwa hivi: siku ya mwisho mtoto mgeni huvua skafu aliyopewa kambini akamvalisha mtu mmoja aliyemwezesha kufika na kukaa. Mmoja tu. Mwalimu Mbwambo, mkuu wa kambi, hakutaka kusikia habari ya mkasi wa kuigawa.

Bi Mwantumu alikuwa amekuja na Kheri na ndoo ya vitumbua. "Nisingesema anacheka, mpaka leo ungekuwa uvunguni," akasema. "Shingo hii hapa, na huku kuna baridi."

"Bibi alikudanganya," akasema Kheri. "Mimi ndiye niliyekwambia kweli. Bila mimi ungelia ukadhani umerogwa."

Namkunda alikuwa amesimama pembeni. Kwao hakuna aliyekuja.

"Na wewe sema," Tunu akamwambia.

"Nami nilikudanganya. Ila gari lilikuwa limeshawashwa." Akaitazama ile skafu. "Hii ni kambi yangu ya tatu. Sijawahi kuvalishwa."

Tunu akaifungua skafu. Akawatazama wote watatu, na ikamjia kwamba angemwondoa yeyote kati yao, yeye asingekuwa pale.

Haya, nyinyi mliokaa mkila karanga: uongo wa Bibi ulimtoa nyumbani, ukweli wa Kheri ulimnywesha uji, na mwisho wa kubuni wa Namkunda ulimshusha kwenye begi. Skafu iko mkononi mwa mtoto na watu wanangoja. Je, nani alistahili kuvalishwa?