Nakijwa Aliyeambiwa Yumo Ndotoni

Haya, wenye masikio mpo? Mkono usio na kazi upewe maharage upukuchue, na kichwa kisicho na kazi kingoje, maana mwisho wa hadithi hii kitapata yake.

Palikuwa na kijiji mlimani, kijiji cha mfereji. Maji yalishuka kutoka msituni, yakalala ndani ya ndiva, yaani lile bwawa la udongo walilochimba mababu, na asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Leo ya fulani, kesho ya fulani. Asiye na zamu alilima akitazama mawingu.

Katika kijiji hicho walikuwapo watatu waliojaliwa vipaji.

Mzee Mbazi alijaliwa sikio. Macho yalipofuka ukubwani, lakini sikio lake lilikuwa ghala. Neno likiingia halitoki. Angekuambia babu yako alimwambia nini bibi yako siku ya kumposa, na alikohoa mara ngapi kabla ya kusema.

Naetwe alijaliwa maswali. Tangu utoto aliuliza, mpaka mama yake akawa anamtuma kuni za mbali ili naye apumue.

Nambike alijaliwa mikono. Aliwahi kumtoa ng'ombe shimoni peke yake, kwa pembe, kisha akarudi jikoni kumalizia ugali.

Na alikuwapo Nakijwa, mjane mwenye watoto watatu. Huyo hakujaliwa kipaji. Alijaliwa ubishi.

Mama yake Nakijwa alikuwa na zamu ya Alhamisi. Alipofariki, zamu ikarudi mkononi mwa msimamizi wa mfereji, Mzee Senzighe, kama desturi ilivyotaka. Mzee Senzighe akamwita Nakijwa uani kwake, akamwambia Alhamisi ni yako, nenda ukalime. Nakijwa akalima, akapanda mahindi. Mahindi yalipofika magotini, Mzee Senzighe akafa, na usimamizi ukashikwa na mwanawe, Kiangi.

Alhamisi iliyofuata Nakijwa akapanda mlima na jembe lake, akamkuta Kiangi amekaa juu ya mlango wa maji.

"Umefuata nini huku, dada?"

"Zamu yangu."

"Nani kakupa?"

"Baba yako."

"Uliota."

Hapo alimgusa kidondani. Mwaka wa nyuma, mchana wa jua kali, Nakijwa alipitiwa na usingizi shambani akaota ndiva imepasuka. Akazinduka akipiga yowe. Watu wakaacha vyungu motoni, wakapanda mlima na majembe na mapanga, wakaikuta ndiva imetulia na chura mmoja ukingoni anawashangaa. Tangu siku hiyo wakikutana naye njiani humuuliza, "Nakijwa, leo umeamka?" Naye hucheka nao. Lakini desturi ya mfereji haikucheka: ushahidi wa mtu aliyeota haufungui maji.

Akashuka bila maji. Wiki ile mahindi yakaanza kusokota majani. Ikipita Alhamisi ya pili kavu, basi, hakuna tena cha kuvuna, na watoto wake wangekula maneno. Nakijwa akaita baraza, na Alhamisi asubuhi watu wakakusanyika palepale kwenye ndiva.

Kiangi alikuwa na ulimi uliopakwa mafuta.

"Dada, siku ile ndiva ilipopasuka, ulijua kwamba unaota?"

"Sikujua."

"Ulikuwa na hakika uko macho?"

"Nilikuwa nayo."

"Na sasa unayo hakika?"

"Ninayo."

"Ni ileile au umepata mpya?"

Baraza likacheka. Nakijwa akajiuma kidole mpaka damu ikatoka, akakiinua wote waone.

"Juzi nimeota naumwa na mbwa," akasema Kiangi, "nikalia mpaka mke wangu akaniamsha. Maumivu yapo huko pia. Thibitisha uko macho, mlango nitaufungua mwenyewe."

Nakijwa akakishusha kidole. Akayatazama maji yalivyometa, akazitazama sura za watu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake ardhi ikamtelezea miguuni. Je, kama ni kweli? Kama analala mahali, na mama yake yu hai, amekaa kando anapepeta mtama na kungoja aamke? Wazo lile lilikuwa tamu, na Nakijwa akalichukia kwa ule utamu wake.

"Kama ni ndoto," akasema, "ninayeiota ni mimi, na nina njaa humu ndani. Sitoki hapa."

Mzee Mbazi akasimama, akajikongoja mpaka katikati. Akakohoa mara mbili, na sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa ya Mzee Senzighe, na ule mkwaruzo wake wa tumbaku.

"'Nakijwa, Alhamisi ni yako. Nenda ukalime.' Nilikuwa uani, nanywa uji. Ulipoondoka, mwanangu, akaniambia lingine usilolijua. 'Mbazi, jiwe lile la mlango wa maji alilibeba mama yake. Sisi wanaume tulikaa tukibishana nani alibebe, naye ana mimba ya binti huyu, miezi saba. Nikimnyima maji nitalala wapi?'"

Nakijwa hakuwahi kuambiwa. Mama yake hakusema hata siku moja. Akalitazama lile jiwe, kubwa kama mbuzi aliyelala. Wazee wawili wakainamisha vichwa, kwa kuwa walikuwapo siku ile, nao walikuwa wamekaa.

"Ndoto itamwambiaje mtu asilolijua?" akauliza Mzee Mbazi, sasa kwa sauti yake.

"Hata wewe mzee pengine ni wa ndotoni," akasema Kiangi.

"Baba, mimi nikiota naona. Naona mke wangu, naona mbuzi, naona hata rangi ya kanga. Leo sioni kitu. Kwa hiyo niko macho."

Watu wakashika mbavu. Kiangi akangoja wamalize.

"Wewe uko macho, sawa. Na yeye je?"

Kicheko kikakatika.

Ndipo Naetwe alipoinua mkono.

"Kaka Kiangi, nina swali dogo. Kama Nakijwa anaota, wewe unayezungumza naye uko wapi?"

Mtu mmoja nyuma akajibu, "Yumo ndotoni mwake."

"Na huo mlango uliokalia?"

"Umo humohumo."

"Basi unamnyima mtu maji ya ndoto yake mwenyewe. Uliyapata wapi wewe? Na kama haoti, basi ni shahidi aliye macho, na Mzee Mbazi kamuunga mkono. Chagua mojawapo, sisi tupo. Lipi linalokupa wewe maji?"

Wazee wakatazamana, wakatikisa vichwa kukubali: zamu ni ya Nakijwa. Lakini Kiangi hakuondoka juu ya mlango. Mdomo ulishindwa, makalio yakakataa.

"Anayetaka maji," akasema, "aje ayachukue hapa nilipo."

Nambike akajifunga kanga kiunoni, akashuka ndani ya ndiva. Maji yalikuwa ya baridi ya msituni, yakamfika kifuani. Akakikumbatia kizibo, gogo lililoviringishiwa maganda ya mgomba, ambalo huvutwa na wanaume wawili. Akavuta. Kiangi akalikandamiza kwa mguu. Gogo likateleza, likambana Nambike vidole viwili kwenye jiwe, na wote wakasikia mifupa ikilia. Nambike hakulia. Akabadili mkono, akavuta tena, na gogo likatoka pamoja na Kiangi, huyo ndani ya maji, chubwi.

Mlango ukanguruma. Nambike akapanda ukingoni, akautazama mkono wake, akasema maneno pekee aliyoyasema siku hiyo:

"Kama ni ndoto, nikiamka vitakuwa vimenyooka."

Mpaka anazeeka havikunyooka.

Kiangi akatoka amelowa, meno yakigongana. "Siku moja mtaamka, nyote, mkute hamna hata tone."

Nakijwa alikwisha kuyafuata maji na jembe begani. Akageuka.

"Nikiamka huko, Kiangi, nitakuja kudai zamu yangu huko nako."

Mahindi yakanywa. Jua lilipoinama shamba lilikuwa limeshiba, na bado maji kidogo yalikuwa yakishuka mferejini. Hayo huitwa maji ya mkia, na desturi ni kwamba mwenye zamu humpa amtakaye. Lakini mkia haugawiki. Ukiukata mara mbili unanywewa na udongo kabla ya kufika popote. Unatosha shamba moja tu.

Na pale chini, mfereji unapogawanyika njia tatu, walikuwa wamesimama watatu.

"Mwanangu," akasema Mzee Mbazi, "bila ile sauti ungekuwa unabishana na upepo. Maharage yangu yametoa maua. Yasipokunywa leo yanapukutika."

"Sauti ilisikika, na bado Kiangi aliuliza kama Nakijwa yuko macho," akasema Naetwe. "Nani alimziba mdomo? Na mimi mtama wangu unabeba, Nakijwa. Nitawapa nini wanangu, maswali?"

Nambike je? Aliinua mkono uliofungwa kitambaa, na kwa ule mzima akaonyesha mahindi yake, majani yamejisokota kama ya Nakijwa yalivyokuwa asubuhi.

"Huo mkono unasema kutushinda sisi," akanung'unika Naetwe.

"Mimi siuoni," akasema Mzee Mbazi, "kwa hiyo kwangu haujasema."

Nakijwa alisimama kwenye njia panda ya maji, jembe mkononi. Njia mbili azizibe kwa udongo, moja aiache. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Sasa ungependa iwe ndoto, ee?" Naetwe akamchokoza.

"Sijui kama ningependa," akasema Nakijwa. "Ila najua siyo. Ndotoni yangetutosha sote."

Haya, ninyi mliosikiliza. Maji yamekwisha kumfika miguuni, na maji hayangoji mtu afikiri. Yuko aliyerudisha sauti ya marehemu, yuko aliyeuliza swali lisilojibika, yuko aliyetoa vidole vyake. Mmoja angekosekana, mlango usingefunguka. Je, jembe lingekuwa mkononi mwako, ungemwachia nani njia?