Saa ya Kuanua Karafuu

"Saa bila kazi ni sahani ukutani." Mmemsikia jirani akimwambia mwanawe maneno hayo, nanyi mnauliza yalikotoka. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Kisiwani Pemba, katika kijiji cha wakulima wa karafuu, waliishi Faki Kombo na mkewe, Bi Riziki. Binti yao, Mize, alikuwa darasa la pili. Mwalimu wake alikuwa ametangaza safari ya kwenda msitu wa Ngezi kutazama popo wakubwa. Gari lilikuwa na nafasi chache. Wangekwenda wale tu ambao Jumatatu wangeweza kusoma saa. Mize aliitaka safari hiyo kuliko nguo ya sikukuu.

Faki alinunua saa. Akaitundika sebuleni, kati ya sahani mbili za kaure alizorithi mkewe, sahani ambazo hazijapata kutiwa hata punje ya wali. Kila jioni alishika fimbo na kumsimamisha Mize mbele ya saa.

"Mshale mfupi uko wapi?"

"Kwenye nne, baba."

"Basi ni saa ngapi?"

"Saa nne."

"Saa kumi! Soma namba inayotazamana nayo. Nne hutazamana na kumi."

Mize aliitazama saa, kisha akamtazama baba yake. "Baba, saa inasema nne, wewe unasema kumi. Nani kati yenu mwongo?"

Bi Riziki alicheka huko jikoni mpaka akapaliwa. Faki hakucheka. Siku tano zilipita hivyo, na Mize akawa anabahatisha tu. Jumamosi asubuhi aliisukuma chai yake kando.

"Siendi Ngezi," alisema, machozi yakimlenga. "Popo wenyewe wabaya."

Bi Riziki hakumbembeleza. Alimtwika pakacha la karafuu mbichi. "Twende uani. Leo msimamizi ni wewe."

Walipomaliza kuzitandaza karafuu kwenye majamvi, walirudi sebuleni.

"Mshale mfupi uko wapi?"

"Kwenye nane."

"Hivyo ndivyo saa mbili inavyokaa. Ndiyo saa ya kuanika."

Mshale ulipofika kumi na mbili, Bi Riziki alimwonyesha tena: saa sita, saa ya kuzigeuza karafuu. Ulipofika nne, jua likiwa limelegea, walizianua kabla umande haujazipata. Hiyo ilikuwa saa kumi.

Jumapili Bi Riziki alijifungia jikoni makusudi. Mize alikimbia siku nzima kati ya sebule na uani.

"Mama! Saa sita! Tuzigeuze!"

"Una hakika?"

"Njoo utazame, kama huniamini!"

Jumatatu mwalimu alisimama mbele ya darasa na saa yake. Akazungusha mishale, mfupi ukaishia kwenye nne.

"Saa nne!" walipaza watoto.

Mize peke yake aliinua mkono. "Saa kumi, mwalimu."

"Mbona hapa pameandikwa nne?"

"Najua, mwalimu. Lakini mshale ukikaa hapo, sisi tunaanua karafuu. Saa nne bado ziko juani, hata kugeuzwa hazijageuzwa."

Darasa likacheka. Mwalimu naye alicheka, kisha akaliandika jina la Mize kuwa la kwanza katika orodha ya wasafiri.

Habari ilipofika nyumbani, Faki alijipiga kifua. "Si nilisema? Saa yangu imemfunza!"

"Saa yako, baba Mize?" alijibu Bi Riziki. "Siku tano ilining'inia pale, na mtoto akazidi kupotea. Saa bila kazi ni sahani ukutani."

Faki alizitazama zile sahani mbili, nzuri na tupu, na saa katikati yake. Akaichukua fimbo yake ya kufundishia, akaenda kuchochea moto.

Tangu siku hiyo, mtoto wa pale akishindwa kusoma saa, hapewi hesabu ya namba zinazotazamana. Hutumwa kuteka maji saa kumi na mbili, kufungulia mbuzi saa mbili, kuzigeuza karafuu saa sita. Na kila mara huambiwa autazame mshale kwanza. Baada ya siku chache, yeye ndiye huwakumbusha wakubwa. Saa bila kazi ni sahani ukutani.