Ndege Aliyelala Baridi

Sogeeni, na mwenye machozi ya karibu ajikaze. Ng'ambo ya bahari, katika msitu usiokatika mvua, zimwi la mto lilimwibia pumzi binti wa mwanamke aitwaye Araci. Mtoto akabaki kakodoa macho, hasemi, hali.

Araci akamwomba mwewe akaitwae pumzi kwa zimwi. "Siliwezi." Akamwomba kasuku. "Siliwezi." Akamwomba ndege mvumaji, yule wa kishungi cha kijani, mdogo kuliko kidole gumba, mabawa yake vuu, vuu, vuu. Huyo akaenda. Jioni akarudi, pumzi ya mtoto kaificha kishungini.

"Nimechoka, mama. Jua likichomoza nitampulizia. Usiniguse kabla ya hapo."

Akalala kwenye kijiti cha mlangoni.

Alfajiri Araci akamkuta mkavu, baridi kama jiwe la mtoni. Akamwita mara tatu. Kimya. Mavyaa yake akatoka.

"Amekufa huyo. Kwetu maiti haonwi na jua. Mzike upesi, usituletee kifo cha pili!"

"Aliniambia nisimguse, mama."

"Alikuwa hai alipokwambia. Sasa hata pumzi aliyoibeba imekufa naye."

Araci akamzika.

Jua likachomoza. Udongo ukavuma: vuu, vuu, vuu. Kumbe ndege wale hulala baridi kama wafu, jua ndilo huwaamsha! Araci akafukua kwa kucha hadi damu ikamtoka. Alipomfikia, mvumo ulikuwa umekoma. Akamweka kiganjani: alikuwa na joto, lakini safari hii amekufa kweli.

Ndani, mtoto alikuwa amefumba macho, na hakuyafumbua tena. Hadithi imenifia hapo, wenzangu. Sina pa kuipeleka.